Siku Nilipomwandika Baba Kuwa Amefariki

Kambini, Ghana
Jumanne, mchana

Mama yangu Ghati,

Shikamoo mama. Shikamoo nyingine ni ya Bibi, lakini mfikishie kwa kumshika mkono tu bila kumwambia imetoka wapi, kwa sababu barua hii sitaki aijue mpaka nifike. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomwomba Robhi akununulie Sirari uliipata, au bado anasingizia foleni ya mpakani? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja ameshazaa? Mimi naendelea. Nakula, naenda kazini, homa ya mwezi uliopita imeisha. Ingekuwa ni mwili tu, ningekuambia sina neno.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako, mama, ukipokea unaweka sauti kubwa na kuilaza juu ya kinu, na boma zima linasikiliza pamoja na wapita njia. Hili la leo sitaki walisikie. Chacha wa Nyakunguru, yule ninayefanya naye kazi huku, anaanza likizo kesho na amekubali kuileta mwenyewe mpaka mlangoni. Isome peke yako kule nyuma kwenye migomba. Ukimaliza ikunje, uifungie kwenye sanduku lako la nguo.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka nimeujua kwa moyo. "Bhoke mwanangu, hapa pameharibika. Alhamisi Bibi yako alikuwa anapepeta ulezi, mzima kabisa, saa tisa hivi. Akaweka ungo chini. Akasema, Marwa amekufa. Nikamwuliza, mama, Marwa yupi? Akaniangalia vibaya, akasema, kwani wewe una waume wangapi? Sasa ameshanyoa kichwa, anakaa chini, uji hataki. Na mimi ananiambia ninyoe, mke wa marehemu. Sasa mwanangu, ninyoe?"

Mama, saa tisa ya huko ni saa sita ya huku. Alhamisi saa sita mchana nilikuwa nimekaa kantini na simu mkononi, na nilikuwa ndiyo kwanza nimemwandika baba kuwa amefariki. Hakuna aliyeniona wala sikumwambia mtu. Bibi hajui kusoma, simu hana, na hata wewe ulikuwa hujui. Tangu nipate ujumbe wako naogopa, mama. Nakuambia wazi, naogopa sana.

Acha nikueleze tangu mwanzo. Mengine unayajua kuliko mimi, lakini nikiyaruka sitaelewa hata mimi mwenyewe nilifikaje hapo.

Mwaka ule wa kwanza nilipopata kazi ya kuendesha dampa huku mgodini, yale malori makubwa ya kubeba mawe, kampuni ilinikatia tiketi ya ndege mpaka Nairobi, halafu nikapanda basi la Sirari kuja nyumbani. Wiki sita kazini, tatu nyumbani, kwenda na kurudi namna hiyo mwaka mzima. Pale uwanjani kulikuwa na kijana wa shirika la ndege mwenye tai nyekundu. Akaniuliza kwa nini mtu anayeruka kila mara kama mimi hana kadi yao ya uanachama. Akanieleza kwamba kila safari ina pointi zake kadiri ya umbali, ukizikusanya nyingi unapewa tiketi ya bure. Tena unaweza kuandikisha familia, kila mmoja anapewa pointi za kukaribishwa, na kila siku yake ya kuzaliwa anaongezewa nyingine. "Nipe majina tu, dada, na tarehe za kuzaliwa," akasema. "Mama?" Nikakutaja wewe. "Bibi?" Nikamtaja Bibi. "Baba?" Nikasema Marwa, na tarehe nikamtungia palepale.

Sikufikiri hata kidogo. Tangu darasa la kwanza nimejaza fomu hivyo. Mwalimu akiuliza baba yupo, nasema yupo. Akiuliza yuko wapi, nasema amesafiri, kama Bibi alivyotufundisha mimi na Robhi. Nyumbani kwetu baba alikuwa na kigoda ambacho hatukuruhusiwa kukalia. Alikuwa na sehemu yake ya nyama siku ya kuchinja, na jioni Bibi aliila yeye mwenyewe huku akisema Marwa amechelewa. Siku moja Robhi, akiwa mdogo, alimwuliza Bibi kama baba alikufa. Unakumbuka kile kibao alichopigwa. Bibi akasema hajafa, na atakayesema amefariki ndiye atakuwa amemwua.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nikaelewa. Bibi alizaa mabinti watupu, wote wakaolewa wakaondoka, na Babu akafariki bila mtoto wa kiume. Basi Bibi akatoa ng'ombe, akakuoa wewe, uwe mke wa mtoto wake Marwa ambaye hakuwahi kumzaa. Wakurya wenzetu wanaiita nyumba ntobhu na kwao si ajabu. Huku nilijaribu kumweleza rafiki yangu mmoja, akaniuliza mara tatu, kwa hiyo baba yako ni nani? Aliyenizaa namjua, mama, wala sikulaumu. Nilikuwa nakutana naye mnadani, ananisalimia vizuri, anapita. Lakini huyo hakuwa baba. Baba alikuwa Marwa, na Marwa hakuwa mtu. Nikakua naye hivyo hivyo.

Basi, kadi yake ikaja pamoja na ya kwangu, ya plastiki, jina limeandikwa kwa herufi zinazong'aa. Sikuwaambia. Niliona aibu kidogo, na pia niliipenda. Niliiweka kwenye pochi. Kila mwaka shirika lilimtumia salamu za siku ya kuzaliwa kupitia simu yangu: Ndugu Marwa, tunakutakia heri. Ikipita miezi kadhaa wanamwandikia tena: Ndugu Marwa, ni muda mrefu hatujakuona, utasafiri nasi lini? Mara ya kwanza nilicheka mpaka dereva mwenzangu akageuka. Mara ya pili sikucheka. Ilinijia kwamba zaidi ya Bibi, hawa ndio watu pekee duniani wanaomsubiri.

Pointi zikawa zinajaa. Nilijiambia sitazigusa mpaka siku ya shida kweli.

Halafu mwaka huu mambo mawili yakaja pamoja. Kampuni ikabadilisha mkataba, likizo sasa ni mara mbili tu kwa mwaka, na ukitaka kwenda nyumbani katikati ujitegemee. Na wewe ukanipigia kwamba kifua cha Bibi kimeanza tena, na kwamba watu wa kupima wamepita hapo kijijini Nyangoto na rangi zao nyekundu kwa sababu shimo la mgodi linapanuliwa, na watarudi mwisho wa mwezi kuandika kila nyumba ni ya nani. Ukanipa maneno ya Bibi kama alivyoyasema: "Mwambie Bhoke aje asimame na mimi siku hiyo. Wambura asije akasimama peke yake." Baba mdogo Wambura, mtoto wa mdogo wake Babu, ambaye miaka yote anawaambia watu kilabuni kwamba nyumba yetu ni nyumba ya hewa, mume wa hewa, mabinti watupu tena, na ardhi ni ya ukoo. Nikasema siku ya shida ndiyo hii. Nitakuja kwa pointi zangu, nimkute Bibi akiwa hai, nisimame naye.

Kumbe shirika nalo lilikuwa limebadilisha mambo yake. Walituma barua ndefu ya kutupongeza. Unajua mtu akianza kukupongeza kabla hajasema jambo lenyewe ujue umeumia. Zamani walihesabu umbali, sasa wanahesabu tiketi ilinunuliwa kwa bei gani. Sisi wa migodini tunaruka mbali kuliko mtu yeyote, lakini kampuni inatununulia tiketi za bei ya chini kabisa, kwa hiyo tunaambulia makombo. Mtu anayekwenda mara moja kwa mwaka kule mbele kwenye viti vipana anatupita. Kambini palikuwa na kelele wiki nzima. Chacha alipoteza lile daraja lake la uanachama lililompa mzigo wa ziada. Nusu ya vitu nyumbani kwake Nyakunguru, sola, tairi za pikipiki, hata mashine ya kusaga, vilifika kwa mzigo huo.

"Dada Bhoke, hawa wametupiga changa la macho," akaniambia. "Nimelala kwenye viti vya uwanja wao kuliko kitandani kwangu, halafu leo hawanijui!"

Nikamcheka, kabla sijafungua akaunti yangu mwenyewe. Tiketi ileile ya Nairobi sasa inataka karibu mara mbili ya pointi. Na pointi za familia zimefungwa mpaka kila mmoja athibitishwe kwa kitambulisho. Chako ninacho picha yake, cha Bibi ninacho cha mpiga kura. Nilipojumlisha zangu na zenu bado zilipungua, na zilipungua kiasi kilekile alichonacho Marwa. Za kwake zilikuwa nyingi kwa sababu yule kijana wa tai nyekundu, kwa kumwona ni mwanamume na baba wa nyumba, alimwandika msaidizi wa mkuu wa familia, na mgawo wa safari zangu ulikuwa ukimwendea. Miaka yote nimekuwa nikimlisha bila kujua.

Nikapiga simu kwao. Akapokea dada mmoja wa Kenya, mpole, sauti nzuri.

"Huyu Marwa ni nani yako, madam?"

"Baba yangu."

"Ako hai?"

Nikasema, "Hajafa."

"Sawa, basi atutumie picha ya ID."

"Hana."

"Passport?"

"Hana."

"Birth certificate, madam? Kitu yoyote iko na jina yake?"

"Kadi yenu ndiyo ina jina lake."

Akacheka kidogo, akajirudi. "Pole. Lakini sasa madam, system itamtoa tu. Kama si wa familia, unatick hapo, points zinapotea. Kama alifariki, unatick, halafu zinakuja kwako, certificate utaleta baadaye. Hakuna ingine."

"Na kama hakuzaliwa?"

"Aje?"

"Basi," nikasema. "Asante, dada."

Siku tatu nilikaa na ile fomu. Sehemu moja ilisema si mwanafamilia tena. Hiyo ilikuwa ndiyo kweli, mama, ukitaka kweli ya serikalini. Lakini ni maneno ya Wambura yaleyale. Nikawaza, nimetoka kwenye boma hilo, nimekula chini ya jina la mtu huyu, halafu niandike kwa mkono wangu kwamba si wetu? Nilishindwa. Ile nyingine ndiyo Bibi aliyoikataza kwa kibao. Na nisipogusa chochote, Bibi atakufa hajaniona. Fedha taslimu ya tiketi sina, yote imekwenda kwenye bati na hospitali, hilo unalijua.

Alhamisi nikaweka alama kwenye amefariki. Kidole kilikataa mara ya kwanza, nikakifuta jasho, nikabonyeza tena. Pointi zikahamia kwangu palepale. Nikakata tiketi. Kiti cha pointi kilichobaki kilikuwa cha Jumatano ya wiki ijayo, si hii ya kesho anayoondoka Chacha, na kinazungukia miji miwili, lakini kipo.

Kabla sijafunga simu ukaingia ujumbe. Wameuandika vizuri, kwa heshima. Tunakupa pole kwa kuondokewa na Ndugu Marwa. Tunashukuru kwa miaka aliyokuwa nasi. Mama, nililia pale kantini mpaka yule mama anayetupikia akaja na kitambaa. Akaniuliza nani. Nikasema baba. Akanishika kichwa akakilaza kwenye aproni yake. Sikumdanganya. Wakati ule ilikuwa kweli kabisa.

Sasa nakuja kwenye kinachoninyima usingizi. Tangu Ijumaa, kwenye dampa langu, kiti cha pembeni kimeanza kulia. Kile kiti anakaa mwalimu anapomfundisha dereva mpya. Mtu akikaa bila kufunga mkanda, kengele inalia mpaka afunge. Mimi niko peke yangu humo. Ijumaa ikalia kutoka shimoni mpaka juu. Fundi akaja, akapuliza vumbi, akasema ni kihisio kimechoka. Jumamosi wakabadilisha. Jumapili ikalia tena, mchana kweupe, jua limewaka. Nikasimamisha gari, nikainama, nikavuta mkanda wa kile kiti kitupu nikaufunga. Kikanyamaza. Tangu hapo kila asubuhi naufunga kabla sijawasha injini, na namwamkia. Chacha ameniona akadhani naongea na simu.

Na jioni ya Jumapili hiyo ndipo ujumbe wako ukaingia.

Sijui Bibi alijuaje. Nimejiambia ni uzee, ni kifua, ni bahati mbaya tu ya saa. Nimejiambia hivyo nikiwa kazini, nikiwa naoga, nikiwa naandika hapa. Siamini. Naona nilipobonyeza kitu kilikatika huku, na yeye aliyekuwa ameshika ncha ya pili akakisikia. Kama ni hivyo, basi aliyemwua mtoto wake ni mimi, na nilimwua ili nipate nauli ya kuja kumwangalia yeye.

Umesema pia kwamba Wambura amekuja na mkewe, ameleta sukari kilo mbili, amekaa uani anawapokea watu wa msiba, na amesema kaburi lisipochimbwa litakuwa jambo baya kwa ukoo. Hapo nilisimamisha ujumbe nikarudisha nyuma. Wambura! Mtu aliyesema miaka yote kwamba Marwa ni hewa sasa anataka achimbiwe kaburi. Labda amemwogopa Bibi. Labda anapima mipaka kwa macho huku analia. Lakini wametoka watu wa ukoo, wamekaa, wamekunywa chai ya msiba wa Marwa, na hakuna hata mmoja aliyesimama kusema huyo mtu hakuwepo. Watu wa kupima watakapofika watakuta boma lina mjane na mayatima. Nilipolifikiria hilo nilifurahi, mama, halafu nikajichukia kwa kufurahi.

Kwa hiyo naomba hivi. Kaburi wasichimbe kabla sijafika. Bibi mbembeleze anywe uji, hata vijiko viwili, mwambie mtoto wa Marwa yuko njiani na atamkuta. Usimwambie habari za pointi wala za fomu. Nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti, ananiona uso. Akinipiga kibao nitakipokea. Akinilaani, na hilo nitalipokea, ila nataka awe hai wakati wa kunilaani.

Na swali lako. Nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo gumu.

Umeniuliza kama unyoe. Ulikuja boma lile ukiwa msichana wa miaka kumi na sita, ukaambiwa mumeo amesafiri. Ukampikia. Ukamfulia shuka ambayo hakuna aliyeilalia. Watu wakikuita mama Bhoke ulifurahi, wakikuita mke wa Marwa ulikuwa unaangalia chini. Niliona, mama. Sijawahi kukuuliza ulikuwa unaona nini pale chini, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kukuuliza lolote kuhusu ndoa yako, si Bibi, si baba yako aliyepokea ng'ombe, wala mimi. Kwa hiyo sitakuambia unyoe wala usinyoe. Ukinyoa kwa sababu Bibi amekulazimisha, sitapenda. Ukikataa, nitasimama mlangoni mbele ya Wambura na ukoo wote na hakuna atakayekugusa. Lakini kama wewe mwenyewe, miaka yote hiyo, ulimsubiri hata siku moja, hata jioni moja ukasikia mbwa wanabweka ukadhani ndiye, basi una haki ya kumlilia kama mjane yeyote. Mimi nilimsubiri. Mimi nitanyoa.

Msalimie Robhi, dada yangu, na mumewe wa pale Sirari. Mwambie asinipokee stendi, nitachukua pikipiki nije moja kwa moja. Msalimie shangazi Nyangi, binti mkubwa wa Bibi, kama ameshafika msibani, na umwombe akae karibu na mama yake. Msalimie mwalimu mzee wa shule yetu, aliyekuwa akiandika jina la baba bila kuuliza mara mbili. Msalimie hata baba mdogo Wambura, mpe pole ya kufiwa na ndugu yake, na usicheke unapompa.

Chacha ananigongea mlango, gari la kwenda uwanjani linaondoka. Jifunike vizuri ukilala chini, baridi ya mwezi huu si nzuri kwa goti.

Ni mimi mwanao,
Bhoke, binti wa marehemu Marwa.